Dizeli ya Siku Tatu

Hapana, Kaka, siyo mikono.

Hiyo nilimwambia kaka yangu leo jioni, na yeye akaendelea kumenya mhogo kama vile mimi ni redio ya jirani. Anasema Pajulu nzima, hapa kwetu nje ya Arua, inajua: Dereva alizeeka, mikono ikaanza kutetemeka, akafungua pampu ya dizeli na mikono hiyo hiyo, akairudisha vibaya, pikap ikafa barabarani. Imekwisha.

"Sasa wewe unalilia nini?" akaniuliza. "Mzee mwenyewe amekubali. Jumatatu watu wa skrapu wanakuja na gesi yao, wanakata, wanabeba. Sisi tunapata mahali pa kuanika mhogo."

"Siyo mikono," nikasema tena.

"Basi iko nini? Sema."

Niliingia ndani, nikachukua hii daftari. Jibu liko chini ya kitanda changu, ndani ya chupa ya maji ya kunywa, na limekaa hapo miezi minne. Mimi ndiye niliua ile gari. Mzee hajui. Anafikiri ni yeye.

Sasa nimeshaandika hiyo. Wacha niandike na mengine, kwa sababu Kaka anamwongelea Dereva kama mtu aliyekuwa na mikono tu.

Sisi wote tulimwita Dereva. Jina analo, lakini hata imamu wake akija kumtafuta alikuwa anasimama kwenye ua na kuuliza, "Dereva iko?" Zamani aliendesha malori ya jeshi, baadaye malori ya wafanyabiashara, Vurra mpaka Koboko na kurudi, wakati ile barabara bado ni vumbi na mashimo. Mambo ya jeshi hakupenda. Ukimuuliza habari ya vita, anakujibu habari ya gia boksi. Alikuwa jirani yetu, ua wa matete tu katikati, na ule ua mimi niliuvunja mara nyingi kwa kupita.

Pikap aliinunua wakati niko Primary Five. Ilikuja imefungwa kamba nyuma ya lori, bila kioo cha mbele, bila kiti, bodi imekula kutu mpaka unaweza kuona majani ya chini. Zamani ilikuwa gari ya watu wa tumbaku, na hata leo jua likiwa kali ukifungua mlango unasikia harufu ya tumbaku. Mama yangu aliiangalia, akasema, "Dereva amenunua nyumba ya kuku."

Na kuku wetu walisikia. Wiki ile ile mmoja aliingia ndani, akataga pale mahali pa miguu ya dereva, akaanza kulalia. Mimi nilienda mbio kumtoa. Dereva akanizuia na spana.

"Wacha. Huyu iko na kazi."

"Lakini Mzee, wewe pia una kazi."

"Kazi yangu haina damu. Kazi yake iko na damu. Nani anangoja nani?"

Alingoja mpaka vifaranga vikatoka, wiki tatu. Hakugusa hata bolti moja. Akakaa kwenye kigogo chake anaangalia gari na kuku, kuku na gari, na mimi nilikuwa napita kwenda shule nikifikiri, huyu mtu mvivu.

Kwa hiyo ukisema Dereva hakumaliza kitu, nakuelewa, Kaka. Mimi pia nilisema hivyo miaka mingi. Lakini sikiliza alikuwa anatengeneza nini.

Watu wa mjini wakifufua gari ya zamani wanataka ing'are. Wanapaka rangi, wanaweka taa za bluu. Dereva hakujali kung'aa. Alikata bodi ya nyuma, akairefusha kwa mabomba, akachomelea mabenchi mawili upande na upande, na vyuma vya kushika vilivyo laini, alivisugua na msasa siku nzima ili visichune mkono wa mtu. Halafu akafika kwenye ngazi ya kupandia, na hapo ndipo alikaa muda mrefu kuliko yote.

Siku hiyo alikuja kwetu na ubao mrefu na kipande cha mkaa. Nyanya yangu alikuwa anachambua samaki wakavu wa angara kwenye ungo. Dereva akasimamisha ubao mbele yake.

"Mama, inua mguu."

Nyanya akamwangalia. "Niinue mguu? Mimi? Mbele ya mwanaume?"

"Inua kama unapanda kitu."

"Ninapanda nini?"

"Unapanda gari ya matanga."

Nyanya akacheka mpaka samaki wakamwagika, lakini akasimama, akashika bega langu, akainua. Akafika mahali goti linalia. "Hapa tu," akasema. "Hapa Mungu amefunga barabara."

Dereva akapiga alama ya mkaa kwenye ubao. "Awadifo, Mama," akamshukuru kwa Kilugbara. "Sasa hii ndiyo kipimo ya gari yangu."

Nilimfuata nyuma, nikamuuliza kwa nini gari nzima inapimwa na goti la mtu mmoja. Akaniambia bila kusimama: "Mimi nimebeba wamama wazee kwenda matanga miaka mingi. Vijana wanawashika hapa na hapa, wanawarusha juu kama gunia. Mutu anakwenda kulia ndugu yake, lakini anaanza kulia aibu yake kwanza. Hiyo nimeona kwa kioo, kila siku kwa kioo, na sikushuka."

Hiyo "sikushuka" aliisema polepole. Halafu akaniomba nimshikie ubao.

Ngazi ilitoka nzuri. Iko mbili, ya chini inakunjika, na juu yake aliweka kipande cha tairi ili mguu usiteleze. Nyanya hajaipanda bado. Kila Dereva aliposema karibu itakuwa tayari, yeye alitafuta viatu.

Tabia zake zilikuwa haziendi pamoja, na hii ndiyo ilinichosha. Alikuwa mtu wa kungoja, lakini chai hakuweza kuingoja. Alikunywa ikichemka, akaungua, akamlaumu aliyepika. Alikataza mtu kutukana karibu na gari, akasema chuma inasikia, halafu bolti ikimkatalia alitukana kwa Kikakwa, Kilugbara, Kiswahili, Kinubi na Lingala, kwa mpangilio huo, akamaliza na astaghafiru, akaanza tena. Ijumaa alikuwa msikitini mstari wa mbele. Jumapili unamkuta amekaa nje ya kanisa letu, kwenye tofali, anasikiliza kwaya. Padri akamwuliza kama anataka kuingia. "Hapana, Baba," akasema. "Mimi niko fundi. Kwaya yenu iko kama injini. Ukisikia sauti ya mutu mmoja peke yake, jua kosa iko hapo." Na kweli ile Jumapili mama mmoja wa sauti ya juu alikuwa anatukimbia wote.

Injini yenyewe aliisikiliza na mfupa. Alichukua spana ndefu, akaweka ncha moja juu ya injini, ncha nyingine kwenye taya yake, chini ya sikio, akafunga macho. Alinifundisha. Mara ya kwanza nilisikia kelele tu. Nikamwambia nasikia.

"Unasikia nini?"

"Injini."

"Hiyo hata kuku anasikia. Sikio iko na uongo, Binti. Ngoja mfupa iongee."

Kila kitu ilikuwa ngoja. Mimi nilimaliza Senior Six, nikakaa nyumbani, nikaona wenzangu wanaenda Kampala, na mimi nataka kitu kimoja: kuendesha. Siyo boda. Gari ya dizeli, yenye nguvu, mimi juu ya usukani. Mama alisema kuna kazi nyingine za msichana. Dereva hakusema kitu kuhusu msichana. Alinipa beseni, brashi na mafuta ya taa, akaniweka kuosha vyuma vya injini, kimoja kimoja, miezi mitatu. Nikimwuliza lini nitakaa kwenye usukani, anasema, "Binti, wewe iko na haraka ya boda. Boda inafika haraka hospitali."

Lakini kitu alichonifundisha kuliko vyote ni dizeli.

Dizeli yetu hapa watu wengi tunanunua kwa wale wanaleta na jerikeni kutoka upande wa Vurra, mpakani. Ni rahisi kuliko ya stesheni, lakini hujui imepita wapi. Wakati mwingine mvua imeingia, wakati mwingine mtu ameongeza maji makusudi. Dereva alikuwa na sheria yake. Jerikeni ikifika, inawekwa juu ya tofali, imeinama kidogo upande mmoja, na hakuna anayeigusa siku tatu. Maji ni mazito, yanashuka yenyewe mpaka kwenye kona ya chini. Siku ya nne anavuta dizeli ya juu na mpira, inapita kwenye kitambaa, fulana yake ya zamani ya jeshi iliyokunjwa mara nne, ndipo inaingia kwenye tanki. Ya chini hamimini kamwe. Ya chini anaiweka kwenye chupa nyeupe, dirishani, jua lipite. Ukiangalia unaona mstari: dizeli juu, maji chini, kama mtu amepima na rula.

"Maji na dizeli iko kama wake wenza," alisema. "Siku ya kwanza wanapigana, huoni nani iko nani. Wape siku tatu, kila mutu atajua mahali pake."

Na hakuruhusu hata tone limwagike chini. Mchanga hauna kosa, alisema.

Mikono ilianza mwaka jana. Hiyo siyo uongo. Kikombe kilianza kulia kwenye sahani, akaanza kushika na mikono miwili. Alipofungua pampu ya dizeli watu walimwambia apeleke mjini kwa mafundi wa pampu. Alikataa. Aliomba meza yetu na shuka nyeupe ya Mama, akaweka vile vyuma vidogo juu yake, vingine kama punje ya mtama, akafanya kazi siku nne. Mimi nilikaa pale siku zote nne, nikimfukuzia nzi. Aliweka viwiko juu ya meza, akavuta pumzi, akangoja. Mikono ikatulia. Akaweka chuma kimoja. Mikono ikianza tena, anaacha, anaangalia nje, anangoja. Sijawahi kuona mtu anangoja mikono yake mwenyewe kama anangoja mgeni.

Ile gari iliwaka mara ya kwanza. Ya kwanza, Kaka, na wewe ulikuwepo, ulipiga kelele. Ilitoa moshi, ikakohoa, halafu ikaanza kuimba. Dereva akaweka spana kwenye taya, akafunga macho, akakaa hivyo muda. Halafu akanipa mimi. Nikaweka kwenye taya yangu, na siku hiyo mfupa wangu ukasikia: sauti zote pamoja, hakuna inayokimbia.

Kwa hiyo mtu asiniambie habari ya mikono.

Jumamosi iliyofuata mjukuu wake alikuwa anaolewa Koboko. Hiyo ndiyo ilikuwa safari ya kwanza. Mimi na yeye, jogoo wawili na gunia la mchele. Aliniahidi kwamba kurudi nitaendesha mimi, kutoka Koboko mpaka nyumbani.

Alhamisi jerikeni ya dizeli ililetwa. Akaiweka juu ya tofali. "Hii haiendi harusi," akasema. "Iliyo ndani ya tanki inafika Koboko. Kurudi tutaongeza kidogo ya stesheni."

Mimi nikaanza kuhesabu mambo kichwani. Tukisimama stesheni, atashuka. Akishuka, wazee wenzake watamwona, watamsalimia, wataangalia ndani waone msichana kwenye usukani, watasema maneno, na yeye atarudi kukaa mahali pake. Nilitaka tanki ijae, tusisimame popote. Ijumaa mchana alienda msikitini. Nilipita kwenye ua. Kitambaa kilikuwa kimeanikwa kwenye kamba, karibu na mkono wangu. Sikukichukua. Mpira wa kuvutia niliona unachelewesha. Nilibeba jerikeni, nikaiinua, nikamimina yote, mpaka tone la mwisho. Ilikuwa imekaa siku moja tu. Halafu nikaijaza maji ya kisima, nikairudisha juu ya tofali imeinama vile vile. Nakumbuka nilifurahi.

Asubuhi yake Dereva alivaa kanzu nyeupe. Pikap ilikwenda vizuri, ikapita mjini, watu wakampungia mkono. Alikuwa anaendesha polepole na anajibu salamu zote. Tulipita Maracha. Kwenye mlima mmoja mbele ya hapo, gari ikapoteza nguvu. Ikaruka kidogo, ikarudi, ikaruka tena. Moshi mweupe. Ikanyamaza.

Tuliweka mawe chini ya magurudumu. Alijaribu kufungua boneti, mikono ikakataa; ilikuwa inatetemeka vile sijaona. Kanzu yake ilikuwa safi. Akaniambia, "Binti, ingia chini. Filta iko na kizibo chini yake. Fungua, angalia kama maji iko."

Nilichukua chupa tupu ya maji, nikalala chini ya gari, nikafungua. Dizeli haikutoka. Maji yalitoka, safi, mengi, yakajaza nusu ya chupa ndipo dizeli ikaanza kuja nyuma. Kutoka pale chini nilikuwa naona viatu vyake tu, na pindo la kanzu.

"Maji iko?" akauliza.

Sikupanga. Mdomo wangu una haraka kama mimi.

"Hakuna, Mzee."

"Hakuna kabisa?"

"Iko safi."

Viatu vikarudi nyuma hatua moja. Lori likapita, vumbi likashuka juu yake.

"Basi iko pampu," akasema. Na baadaye kidogo, kwa sauti ya chini, kama anajiambia mwenyewe: "Basi iko mimi."

Nilifunga kizibo. Chupa sikuimwaga, kwa sababu yeye alinifundisha mchanga hauna kosa. Niliifunga, nikaiweka kwenye begi langu, chini ya gauni langu la kwenda harusini.

Lori lilitupata, likatuvuta na kamba mpaka nyumbani, katikati ya mji, mchana. Kijana mmoja wa boda akapiga kelele, "Dereva! Siku hizi unavutwa?" Dereva akainua mkono, akamsalimia kama wengine. Harusi ilipita bila yeye. Jerikeni juu ya tofali hakuiangalia hata mara moja. Wiki ile alifunika pikap na turubai, akafunga kamba, mafundo mengi ambayo hayakuwa na maana. Mwezi uliofuata binti yake alikuja kumchukua, akahamia Koboko. Funguo ya geti na ya gari aliacha kwetu.

Nilijiambia nitasema wiki ijayo. Mimi, mtu wa haraka, kwa hili nilikuwa na subira ya ajabu.

Alhamisi iliyopita binti yake alipiga simu, akaomba nimpelekee kadi ya gari, ili mzee aweke kidole kwa ajili ya watu wa skrapu. Nikaenda. Nilifikiri, leo nitasema.

Nilimkuta barazani. Amekonda. Kikombe chake wanajaza nusu tu siku hizi, na chai anaingoja ipoe. Hiyo ndiyo ilinipiga kwanza, kwamba anaingoja. Mtoto mdogo wa ile nyumba akaja na kufuli iliyokwama, akaiweka kwenye mapaja yake.

"Babu, tengeneza."

Hakuiangalia. Ile kufuli ingehitaji tone la mafuta na kugongwa mara mbili, mimi mwenyewe niliona kutoka pale nilipokaa.

"Peleka kwa fundi," akasema. "Babu hana mikono."

Mtoto akaangalia mikono yake, akaangalia uso, akaondoka bila kuelewa.

Tuliongea. Akauliza habari ya Mama, ya mhogo, ya mvua. "Goti ya nyanya yako iko namna gani?"

"Bado inalia, Mzee."

"Waambie wale watu wasikate ngazi. Watoe nzima, wampe yeye. Aweke kwa mlango."

"Mzee," nikasema, "labda pampu haijafa. Labda..."

"Binti." Alisema kwa upole. "Mimi nilijua ile pampu tangu niko kijana. Niliirudisha na mikono yangu. Maji hakuna, hewa hakuna, filta safi, wewe mwenyewe uliona. Sasa iko kosa ya nani? Nikibeba wamama wazee na hii mikono, nitawapeleka matanga ya nani?"

Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua. Yeye akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kitu kilichokunjwa mara nne. Ile fulana. Imefuliwa, imekauka, kona zake zimenyooka. Imemchukua muda kuikunja hivyo, na mikono ile.

"Watoto wangu niliwafundisha wote," akasema. "Wanaume watatu. Hakuna hata mmoja aliyeweza kungoja dizeli siku tatu. Wewe kelele nyingi, haraka nyingi, lakini uliweza. Chukua. Siku moja utakuwa na gari yako."

Nilipokea. Na mikono miwili, nikapiga goti kidogo kama wasichana wa kwetu wanavyofanya. Nikasema asante. Nikapanda gari ya kurudi Arua na ile fulana kwenye mapaja yangu, na njia nzima sikumwambia dereva aongeze mwendo.

Leo mchana nilimwambia Nyanya kwamba Dereva ameagiza apewe ngazi.

"Ngazi bila gari," akasema, "nitapanda niende wapi?"

Na jioni Kaka akaanza na mikono yake.

Nimetoa chupa sasa hivi, iko mbele yangu kwenye meza. Miezi minne. Mstari umenyooka, unaweza kuukata kwa kisu. Maji chini, dizeli juu. Mtu yeyote angeona. Pampu labda imekula kutu, labda inaponyeka, hiyo sijui, na siandiki hapa kwa sababu nataka kusamehewa na pampu. Kitu nachojua ni kwamba kuna mzee Koboko anakataa kufungua kufuli ya mtoto kwa ajili ya neno langu moja.

Kaka anasema kutoka nje, kama kuna jambo la kumwambia Mzee nipige simu. Hapana. Kwa simu nitasema haraka haraka, nitaongeza sababu, stesheni, usukani, wazee, na yeye atanionea huruma kabla hajaona. Hii lazima aione.

Kwa hiyo kesho ni hivi. Nitaamka kabla ya Mama. Nitamwambia Kaka maneno yote kwanza, mlangoni, nimesimama, kwa sababu yeye pia alipiga kelele ile siku iliwaka. Funguo ya geti naenda nayo mfukoni. Watu wa skrapu wakija Jumatatu kabla sijarudi, wagonge wachoke. Nitafunga chupa ndani ya ile fulana ili isivunjike. Nikifika Koboko nitasalimia, nitaweka chupa kwenye ukuta wa baraza upande wa jua, na nitasema, Mzee, hii ndiyo ilitoka kwenye filta siku ile. Maji yalikuwepo.

Halafu nitanyamaza. Sitaeleza mpaka aniulize. Akikasirika na kunifukuza, nitakaa nje ya ua wake. Hata kama itamchukua siku tatu.